Umeiona Wewe?

Ndugu msomaji, huenda ukanichukia kwa haya niyaandikayo, lakini heri unichukie kwa neno la kweli. Mimi ni mtu wa msikitini, na ni mpenzi wa sinema tangu utotoni. Nimeziona za Kihindi hata nikalia, za ngumi za Kichina, za vita, na zile za kutisha ambazo mtu akishaziona hulala taa ikiwaka. Kila nimsikiapo mtu akisema kuwa sinema zote ni uchafu mmoja, humwuliza: umeiona ipi?

Tazama habari ya Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab katika nchi ya Sham, aliyehamia Marekani. Mwaka 1976 alitoa The Message, kisa cha Mtume (S.A.W.) na Masahaba zake. Mtume mwenyewe haonekani sura wala hasikiki sauti. Picha hiyo aliitengeneza mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila moja na wachezaji wake. Ikawaje? Machi 1977 watu wenye silaha waliteka majumba matatu mjini Washington, wakashika mateka zaidi ya mia, na mtu akauawa. Katika madai yao mojawapo lilikuwa picha hiyo izuiwe. Nao hawakuwa wameiona!

Sisemi kwamba Akkad alikuwa walii. Mwaka 1978 alisimamia utoaji wa Halloween, picha ya mtu aliyevaa kinyago akiwachinja wasichana kwa kisu, nayo singependa iingie nyumbani kwangu. Lakini mtu huyo huyo mwaka 1981 akatupa Lion of the Desert, kisa cha Omar Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani aliyepigana na Wataliani Libya miaka ishirini mpaka wakamnyonga mwaka 1931. Serikali ya Italia iliipiga marufuku mwaka 1982, na hadi 2009 ndipo ilipoonyeshwa katika televisheni ya huko. Wewe usemaye sinema ni upuuzi, niambie: dola nzima yaogopa upuuzi?

Na bibi zetu je? Walitoka na mabuibui yao kwenda maonyesho ya wanawake watupu, wakaitazama Mother India ya Mehboob Khan (1957), ambamo mama ampiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa sababu amemteka msichana wa kijiji. Waliporudi, ukali wao juu ya heshima ya binti za watu ulizidi, haukupungua.

Ubaya ninaouogopa mimi u mahali pengine. Mwaka 2001 mwanachuoni Jack Shaheen alitoa kitabu baada ya kuzichungua picha zaidi ya mia tisa za Marekani, akaonyesha jinsi Mwarabu na Mwislamu anavyofanywa mwuaji, mjinga au mzinifu. Nilikuwa nikiyajua hayo kwa kuyasoma tu, mpaka jioni moja wanangu walipokuwa wakitazama True Lies ya 1994. Adui mle jina lake ni Salim. Kila mume na mke wa mle ndani walipobusiana, mama yao alitoka jikoni mbio akaifunika televisheni kwa kanga. Lakini yule Salim aliponing'inia kwenye kombora na kufyatuliwa, watoto walipiga makofi, na hakuna aliyetoka jikoni. Mjomba wao anaitwa Salim. (Nami nisijitoe: nilikuwa nimekaa kochini, nikacheka pamoja nao.)

Basi twahesabu mapaja na mabusu, na sumu yapita mlangoni bila hodi. Na siku hizi kanga haitoshi, kwani mtoto ana simu chini ya shuka. Baba asemaye "haramu" kisha akaenda zake barazani amemwachia mwanawe atazame peke yake.

Wiki iliyofuata niliwakalisha nikawawekea Omar Mukhtar. Walinung'unika mwanzoni, kuwa ni ya zamani na ni ndefu. Mzee aliponyongwa, miwani ikaanguka na mtoto akaiokota, chumba kizima kilikuwa kimya. Kisha mdogo wao akaniuliza:

"Baba, huyu naye ana ndevu, mbona si mbaya?"

Tulizungumza mpaka adhana ya Isha.