Mkalimani wa Alama Yupo, Mwandishi Yuko Wapi?

Juzi saa mbili usiku nilikuwa kwa baba mdogo, taarifa ya habari inaendelea. Baba mdogo ni mwalimu mstaafu. Homa ya uti wa mgongo ilimwachia uhai ikamnyang'anya masikio, akiwa na miaka hamsini na kitu. Binamu yangu akasema, "Si kuna mkalimani wa alama pale pembeni?"

Jamani! Mzee hajui alama hata moja. Anachojua ni kusoma Kiswahili, tena amekifundisha miaka thelathini.

Nikatoa laptopu nimwandikie. Mimi, mwanahabari ninayejisifu kwa kuchapa haraka! Dakika ya pili nilishaachwa. Akacheka: "Yule kasema sentensi kumi, umenipa mbili. Nane umekula?"

Sina ugomvi na wakalimani. Viziwi waliokulia kwenye lugha ya alama wanawahitaji. Ila tuache kudhani kiziwi ni wa aina moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja pia maandishi yanayoonyeshwa.

Na kuandika maneno papo hapo yanapotamkwa ni taaluma, si sadaka. Wengi wanaoifanya Marekani walianzia uandishi wa mahakamani, ambako cheti hudai hadi maneno 225 kwa dakika, usahihi asilimia 95, kwa mashine inayobonyezwa vitufe kadhaa kwa mpigo kama kinanda. Kanuni za sheria yao ya mwaka 1990 zinaitaja huduma hiyo, ndiyo maana vyuo na hospitali huilipia. Kwenye televisheni za Uingereza wengi hawachapi kabisa: mtu hurudia anachosikia kwa programu iliyozoea sauti yake, akitaja hadi nukta na mkato.

Sisi je? Wala hatuanzii sifuri. Matangazo ya kazi za ukatibu mahsusi serikalini yamekuwa yakidai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika. Tunampima binti kasi ya mkono, kisha tunamweka mapokezi agonge mihuri! Na Kiswahili chenyewe huandikwa kinavyotamkwa. Vyuo vya uhazili vinangoja nini kuongeza somo hili?

Msiniambie kompyuta itafanya. Programu hizo ninazitumia kwenye mahojiano, zinasaidia. Lakini mpe daktari anayechanganya Kiswahili, Kiingereza na Kisukuma kidogo, halafu kipimo cha dawa kitokee kimekosewa. Nani atasahihisha pale pale, mgonjwa akiwa bado kwenye kiti?

Wenye vituo vya televisheni watalia gharama. Kwa mpira hela hupatikana.

Baba mdogo amenitumia ujumbe leo, anauliza kama kesho nitapita na ile laptopu. Kuna mjadala wa bajeti.