Kutokunywa pombe si kinga ya ini

"Mimi sijawahi kuonja pombe, ini langu ni zima." Kauli hii nimeisikia kwenye harusi na nje ya nyumba za ibada, mara nyingi msemaji akiwa na soda ya pili mkononi na vifungo vya shati vimekaza tumboni. Si kweli, na inaua watu.

Sukari ya soda, maandazi na chapati ikizidi mahitaji ya mwili, ini huigeuza mafuta na kuyalimbikiza ndani yake. Duniani, takriban watu wazima watatu katika kila kumi wana ini lenye mafuta bila pombe kuwa chanzo. Mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya madaktari wa ini viliupa ugonjwa huu jina jipya linaloutambulisha kwa kisukari, unene na shinikizo la damu.

Jina limebadilika, lakini huku kwetu hukumu ni ileile. Mtu akiambiwa ana ini bovu, majirani wananong'ona kwamba alikuwa akinywa kwa siri. Mama mcha Mungu mwenye kisukari atakwendaje kupima, ikiwa jibu litamvunjia heshima? Aibu hii tumeitengeneza wenyewe.

Wengine hujitetea kwamba hawasikii maumivu. Nyama ya ini haina neva za maumivu. Inaweza kupata makovu miaka mingi bila mwenyewe kujua. Macho yakishakuwa ya manjano na tumbo kujaa maji, tumechelewa sana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuanza kuchunguza hakuhitaji mitambo mikubwa. Umri wako, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani za damu hutosha kukokotoa alama iitwayo FIB-4. Ikiwa chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Ikizidi hapo, uchunguzi uendelee. Usiridhike na vimeng'enya peke yake, kwani huweza kuwa vya kawaida ilhali ini lina makovu.

Anayegundulika mapema ana nafasi. Mwenye kilo 90 akipunguza 9, mafuta hupungua na hata makovu yanaweza kurudi nyuma.

Wewe mwenye kisukari au kitambi, ukienda kliniki usingoje kuulizwa kama unakunywa. Muulize daktari: ini langu limepimwa lini?