Mbio za Wenye Vitambi
Mwaka 1980 Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walirudi kutoka Olimpiki ya Moscow, kila mmoja na medali ya fedha: Bayi mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Nyambui mita 5,000. Utu uzima uliwarudisha pamoja kwenye uongozi, Bayi akiwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, Nyambui wa Riadha Tanzania. Sisi tuliokimbilia vyuo vyetu tu, bila medali, nani atatukutanisha? Harusi tunachangiana kwa simu, msibani tunaonana, basi. Napendekeza tukutane kwa mbio za kupanda milima kule Vuga, alikokaa Kimweri ye Nyumbai akitawala Usambara hadi alipofariki 1862. Milima ile haimwonei mtu haya. Aliyekuwa nyota wa timu sasa ana goti bovu na wajukuu. Aliyeshika mkia miaka yote ndiye atakayetusubiri juu, na atalisema hilo mpaka usiku. Saa za kupimia zibaki nyumbani. Mwenye presha amwone daktari kwanza. Na wewe uliyetunza namba za wenzako, piga simu wiki hii, usingoje tanzia.