Sikupelekwa Kalambo, nilikwenda

Haya wadau, nimerudi. Picha mmeziona, na swali limekuwa lile lile kuanzia foleni ya chakula mpaka maktaba: "Nani kakupeleka?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza maporomoko yenyewe yakoje! Basi leo naomba nilitoe hili, maana limenikaa kooni.

Sikupelekwa. Nilikwenda. Mimi na mchumba wangu, kila mtu na begi lake mgongoni na nauli yake mfukoni. Wote wanafunzi, boom ni hilo hilo, tena lake huwa linachelewa kuliko langu. Tuliweka kidogo kidogo tangu Januari, mwezi wa saba tukapanda basi la Mbeya, tukalala, kesho yake tukapita Tunduma hadi Sumbawanga, halafu Matai, na kutoka Matai ni bodaboda. Ni mbali jamani! Waulizeni mgongo wangu na kiuno changu.

Kwa wasiojua, Mto Kalambo ndio mpaka wetu na Zambia kule Rukwa, na maji yanaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200. Victoria Falls ambayo kila mtu anaiota ni mita 108. Victoria ni pana mno, hilo sibishi, ila kwa urefu Kalambo anamwacha mbali. Unasimama ukingoni unatazama maji yanashuka, yanashuka, na bado hayajafika. Nilinyamaza kama dakika kumi, na mnanijua mimi kunyamaza si kazi yangu.

Sasa turudi kwenye hoja. Safari nzima nilikuwa "shemeji". Dereva wa boda anapatana bei na mwenzangu, kisha anamuuliza yeye: "Shemeji tumweke wapi?" Kama gunia la mahindi! Gesti moja njiani (siitaji) tulichukua vyumba viwili. Msianze maneno, nimesema viwili. Nikatoa hela ya chumba changu kwa mkono wangu huu, dada wa mapokezi akaandika vyumba vyote kwa jina la mwanaume, halafu chenji YANGU akampa yeye! Mwenzangu akacheka, akanipa. Mimi sikucheka.

Hata wasomi wana ugonjwa huo. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, yalichimbuliwa magogo mawili yaliyochongwa yakakaa moja juu ya jingine, ya miaka kama 476,000 iliyopita, kabla hata ya binadamu wa aina yetu. Nilipowasimulia washikaji hapa chuoni, wote wakasema "jamaa alikuwa fundi". Jamaa? Nani kamwona?

Mtasema ni jambo dogo, chenji tu. Mimi nasema si dogo. Nina rafiki, hasomi hapa, alipelekwa matembezi mkoani na mpenzi wake. Usiku wa kwanza wakagombana vibaya, akataka kuondoka. Kwa nauli gani? Alikaa siku tatu na mtu ambaye hakutaka hata kumwona, akila chakula chake, akilala pale alipoambiwa alale. Ndiyo maana neno "kupelekwa" halinichekeshi. Mtu aliyepelekwa anarudishwa siku mwenye hela akipenda.

Na kaka zangu, nyie pia linawaumiza, hamtaki kusema tu. Hapa hosteli kuna vijana wanaokula mihogo mwezi mzima kwa sababu walimtoa mtu mtoko wiki moja boom lilipoingia. Wanakopa, wanauza simu, kisha wanaanza kudai "baada ya yote niliyomfanyia". Mngegawana tangu mwanzo, hayo madai yangetoka wapi?

Najua kuna watakaonijibu kwamba mwanaume ndiye mtoaji, mila zetu ziko hivyo. Sawa, atoe. Mahindi ya kuchoma pale Tunduma alininunulia yeye na niliyala kwa raha zote. Sipigi kelele kwa mahindi. Mahari nayo ina wakati wake, wazee watakaa waongee. Ninachosema ni hiki: dada, unapofunga begi, weka nauli yako ya kurudi mahali unapopajua wewe peke yako, hata kama unasafiri na malaika. Mimi yangu niliishona kwenye mshono wa begi. Alijua ipo, hakujua ilipo. Wala hakununa, na hilo nalo lilinifundisha kitu kuhusu yeye.

Kama mnataka kwenda, nendeni mara baada ya mvua, maji yakiwa bado mengi, na vaeni viatu vya maana kwa zile ngazi. Yeye sasa ameanza habari za Victoria yenyewe. Nimemwambia mimi nina elfu ishirini tayari, yeye ana ngapi? Bado anatafuta jibu.