Mnaionaje Nyumba Yangu?



Juma hili tumeona vema tutafakari pamoja swali ambalo wengi wetu huulizwa mara kwa mara, nasi hulijibu vibaya. Msimu wa korosho unapokaribia, mji wetu wa Tandahimba hupokea wageni wengi: wanunuzi, makarani, madereva wa malori na wachukuzi. Tena mwaka mzima hufika walimu na wauguzi waliopangiwa kazi kwetu, nao hutafuta mahali pa kulaza ubavu. Kwa hiyo kila mwenye nyumba yenye nafasi husafisha chumba apate kodi, na mwingine huamua kuiuza nyumba yenyewe. Kabla hajaita mpangaji au mnunuzi, humwita rafiki, jirani, au hata paroko wake, akamwuliza: “Mnaionaje nyumba yangu?”

Miaka michache iliyopita tuliulizwa hivyo na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mgane. Alikusudia kupangisha vyumba vitatu vya mbele ili kodi imsaidie kumlipia mjukuu wake karo ya chuo. Alitupitisha chumba kwa chumba. Sebuleni palikuwa na mifuko ya salfa na mashine ya kupulizia mikorosho, na harufu yake ilitupokea kabla hatujavuka kizingiti. Gata upande wa mashariki ilikuwa imeng’oka, hata maji ya mvua yakamwagika chini badala ya kuingia kisimani, na kisima chenyewe hakikuwa na mfuniko. Chumba kizuri kuliko vyote kilijaa makabati, kalenda za miaka iliyopita na sanduku la nguo za marehemu mkewe. Tuliyaona yote hayo. Kisha tukanywa chai, tukasema, “Nyumba nzuri sana, Mwalimu. Mungu akujalie wapangaji wema.” Tukaaga.

Msimu ukapita. Watu watano walikuja kuitazama, wote wakaisifu, na hakuna aliyerudi. Dalali mmoja kijana ndiye aliyesema la moyoni, lakini alilisema barazani mbele ya majirani: kwamba ile si nyumba bali ni stoo ya salfa. Mzee akafunga mlango, na kwa majuma kadhaa hakutaka kumsikiliza mtu yeyote. Hatimaye alitujia mwenyewe. “Baba,” alituambia kwa upole, “ninyi mliiona nyumba ile kabla ya wote. Mbona hamkuniambia?”

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeuita uungwana kile ambacho kwa hakika kilikuwa woga wetu. Hatukuizuia aibu isimfikie mzee. Tuliiahirisha tu, kisha tukamwachia mgeni aipeleke, tena bila huruma. Kodi ya msimu mzima ilipotea, na mjukuu akaanza muhula akiwa na deni.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini kwa nyumba haitoshi. Nyumba haijiuzi, kwa kuwa anayeishi ndani yake hawezi kuiona. Pua iliyolala na salfa miaka kumi haiisikii tena. Jicho lililozoea ufa hulihesabu kuwa sehemu ya ukuta. Mwenye nyumba anahitaji jicho la pili, na jicho hilo ni la mtu anayempenda kiasi cha kumweleza alichokiona.

Huko Marekani kazi ya jicho la pili imekuwa taaluma yenye malipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Barb Schwarz, muuzaji wa nyumba wa eneo la Seattle aliyekuwa na uzoefu wa michezo ya kuigiza, alianza kuwashauri wateja wake waziandae nyumba kabla ya kuzionyesha. Alikuta ugumu ule ule tulioukuta sisi: utamwambiaje mtu kwamba nyumba yake imejaa takataka? Akatumia lugha ya jukwaa, akiwaeleza kwamba nyumba inapouzwa hupangwa kama jukwaa linavyopangwa kabla ya pazia kufunguliwa. Kwa njia hiyo hakumhukumu mtu kwa namna anavyoishi. Alimweleza kwamba nyumba sasa imepewa kazi nyingine. Hata jina la kazi hiyo kwa Kiingereza limetokana na jukwaa.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mkulima wa Tandahimba anajua barabara maana ya mali yake kukaguliwa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, korosho hupimwa ubora wake na kupewa daraja. Yupo mpokeaji anayetia mkono guniani na kusema, “Korosho zako chafu, ondoa.” Yupo mwingine anayesema, “Mzee, hizi bado zina unyevu. Zianike siku mbili zaidi, uchambue na haya mawe, kisha uzirudishe.” Wote wawili wamezikataa korosho zile zile. Wa kwanza amempa mkulima fedheha, wa pili amempa kazi ya siku mbili. Nasi twapenda kulisisitiza hili: neno hilo lina faida pale tu linaposemwa wakati jua la kuanikia bado lipo.

Aliyetufundisha namna ya kulisema ni mwanamke kijana apambaye kumbi za harusi hapa mjini. Mzee alimwita baada ya hasira kupoa, nasi tulikuwapo. Aliamkia, akaketi, na kwa muda mrefu hakusema lolote kuhusu vyumba. Aliuliza nyumba ilijengwa lini na nani. Mzee akaeleza jinsi alivyofyatua tofali wakati wa kiangazi, maji yakinunuliwa kwa ndoo na kuletwa kwa baiskeli, kwa sababu katika uwanda wetu wa juu maji yamekuwa ya shida tangu enzi za mababu. Binti akatazama juu, akasema, “Babu, paa hili halivuji hata tone. Na nyumba yenye kisima, mgeni yeyote ataitamani.” Hakuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, yote mawili yalikuwa kweli.

Ndipo akauliza: “Mwalimu mgeni akifika hapa na mtoto mwenye pumu, atakutana na nini kwanza mlangoni?”

Mzee alisimama, akaenda mlangoni, akavuta pumzi. “Salfa,” alisema.

Hakuna aliyemwambia, amelisema mwenyewe. Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Salfa na mashine vihamie bandani. Gata irudishwe na kisima kipate mfuniko kabla ya mvua. Kuta zipigwe chokaa, kwa kuwa rangi ya dukani ni ghali na mfuko wake anaujua mwenyewe. Kuhusu sanduku la marehemu, binti hakutoa shauri lolote. Aliuliza tu, “Na hili, Babu, ungependa likae wapi?” Mzee akalipeleka chumbani kwake. Kalenda zikaondoka, lakini picha ya darasa lake la mwisho alikataa isitoke sebuleni. Binti akakubali papo hapo. Nyumba ni ya mzee, na mshauri asiyeweza kukataliwa amekuwa mtawala.

Vyumba viwili vilipata wapangaji, muuguzi na mwalimu. Cha tatu kilikawia.

Wako watakaosema kwamba kuipendezesha nyumba kwa ajili ya mgeni ni udanganyifu. Hofu hiyo si ya bure. Anayeziba ufa kwa chokaa ili mnunuzi asiuone ametenda dhuluma, na rafiki aliyemshauri hivyo ni mshiriki wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiuficha, ukuta huo ataujenga mwenzako kwa fedha zake. Lakini kuhamisha salfa hakumdanganyi mtu yeyote, wala kufunika kisima. Kipimo ni rahisi: je, mpangaji akikaa mwaka mmoja ataendelea kukishukuru kile ulichokifanya siku alipokuja kuitazama?

Katika Maandiko, nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza kwa mashtaka. Alimsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake, hata mfalme akatamka hukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Kosa la Daudi lilikuwa zito kuliko gata iliyong’oka, lakini njia ni ile ile, nasi tulioisomea miaka mingi seminarini tulihitaji mpambaji wa harusi atukumbushe.

Basi, ndugu zetu, juma hili mtu akiwauliza, “Mnaionaje nyumba yangu?”, msiikimbilie sifa kama tulivyofanya sisi. Ombeni kuketi. Tafuteni kilicho chema kweli, mkitaje kwa jina lake. Lisemeni tatizo mkiwa naye peke yake, mkilisema la ukuta na si la mtu, na pawepo jambo moja analoweza kulitenda kwa uwezo alio nao. Kisha mwacheni aamue. Na swali likiwa la shamba, la biashara au la malezi ya watoto, jibu ni la namna hiyo hiyo.

Sisi tulirudi kwa Mwalimu kumwomba radhi. Alitukaribisha chai sebuleni, chini ya ile picha ya darasa, akatuuliza tunaonaje chokaa. Tukamwambia kwamba kona ya nyuma ya mlango imerukwa. Alicheka, akaenda kuleta brashi.