Presha isiyosikia kitunguu swaumu

Vitunguu swaumu ni zao la Dongobesh, na mwenye presha hakosi jirani wa kumshauri atafune punje mbili alfajiri. Sawa. Ila ipo presha isiyosikia kitunguu wala vidonge vya kawaida: ile inayotokana na tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zinapomwaga homoni ya aldosteroni kupita kiasi.

Homoni hiyo huibakiza chumvi mwilini na kuitoa potasiamu kwa mkojo. Potasiamu ikipungua sana, kongosho hushindwa kutoa insulini ipasavyo, sukari ikapanda. Daktari Jerome Conn wa Marekani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1955. Miaka 10 baadaye akaandika juu ya uhusiano wake na sukari.

Mgonjwa hukakamaa misuli, huamka usiku kukojoa, akaambiwa ni kisukari tu!

Vidonge vya kukojosha kama haidroklorothiazidi navyo huweza kuishusha potasiamu zaidi. Kwa hiyo mwenye presha sugu anayepanda gari Dongobesh kwenda hospitali ya Haydom aulizie kipimo cha potasiamu, si cha sukari peke yake. Spironolaktoni, dawa ya miaka mingi, huizuia aldosteroni isifanye kazi yake. Chanzo kikiwa uvimbe kwenye tezi moja, upasuaji huweza kuuondoa.