GARI LINALOLALA KWENYE KONA LINA UGONJWA: TULITIBU

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama na watoto wa kambini,

Kazini hakuna anayeingia shimoni bila kofia ngumu na viatu vya kazi. Ukuta wa shimo ukionyesha ufa, kapita anaondoa watu mara moja. Lakini jioni watu wale wale wanapanda gari dogo la abiria ambalo kwenye kila kona linalala upande kama mtumbwi, na hakuna anayesema neno. Kwa maoni yangu, gari linalotuchukua ni chombo cha usalama sawasawa na kofia, na fedha ya kulitengeneza ihesabiwe kuwa fedha ya afya.

Kwa nini linalala? Gari la namna ya Toyota HiAce ni refu kwenda juu na jembamba. Kwenye kona uzito wake unasukumwa nje. Mwendo ukitoka kilometa 40 kwa saa kufika 60, nguvu hiyo inakuwa zaidi ya mara 2. Tena tunaweka juu ya paa magunia 4 ya makala ya kilo 50: ni kilo 200, karibu mita 2 kutoka chini!

Sisi wa dispansere tunajua matokeo yake: kichefuchefu, maumivu ya kiuno, na abiria wasiofunga mkaba kuangukiana. Hatari kubwa ni kukwepa ghafula, kwa mfano lori la shaba kwenye njia ya Likasi na Kolwezi. Gari linalala kushoto, shofere anarudisha usukani, linalala kulia kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo linapinduka.

Kama kwa mgonjwa, tuanze na uchunguzi, kisha dawa:

1. Mizigo itoke juu ya paa. Dawa hii haina bei.

2. Mapine yapimwe upepo yakiwa baridi. Pine laini linajikunja kwenye kona.

3. Amotisere zikaguliwe. Sukuma chini pembe ya gari, uiachie. Ikipanda na kutulia, ni vizuri. Ikicheza mara 2 au 3, au mafuta yakivuja, amotisere imekufa. Haibebi uzito, kazi yake ni kupunguza kasi ya kulala na kurudi. Zibadilishwe 2 pamoja, kushoto na kulia.

4. Stabilizatere itazamwe. Ni chuma kilichopindwa, kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likitaka kulala, chuma kinakataa. Mipira yake ikilika, kinacheza bure. Chuma kinene kinasaidia sana: kutoka milimita 20 kufika 22, ugumu wake unaongezeka karibu nusu. Magari mengi ya namna hii yanacho mbele tu, na cha nyuma kinaweza kuongezwa. Lakini fundi asizidishe ugumu wa nyuma, maana wakati wa mvua nyuma ya gari itateleza.

Kuna dawa moja ya uongo: kuongeza bamba la resori ili kubeba watu na mizigo zaidi. Gari linainuka, linaonekana na nguvu, lakini uzito wake umepanda juu zaidi na abiria wanapigwa mgongo.

Wengine watasema: «Vipuri ni ghali, shofere apunguze mwendo tu.» Apunguze, ndiyo. Lakini shofere mwenye hekima hachagui saa ambayo mtoto atakimbilia barabarani. Siku hiyo gari lazima limtii. Na bei ya amotisere si kitu mbele ya mguu uliokatwa, au mjane mwenye watoto wa kusomesha. Vilevile, gari likitengenezwa, shofere asione kwamba amepewa ruhusa ya kukimbia.

Basi naomba jambo moja kwa wakubwa wa kazi, na kwa kampuni ndogo zinazopewa kazi ya kusafirisha watu: kila mwezi, kabla gari halijabeba watu, fundi wa garaje na mtu wa usalama walikague pamoja na kutia sahihi. Likishindwa, lisitoke.

Nanyi akina mama, mkienda sokoni, msikubali kupanda chini ya magunia. Na wewe mfanyakazi, gari likilala, sema. Kunyamaza si adabu, ni hatari.

Tutoke salama kazini, tufike salama nyumbani!